KISIMA KIPIMWE KABLA YA KUTIWA PAMPU

Mtu wa Munje aliyeweka akiba na kuazimia kutia pampu ya umeme ndani ya kisima chake, mara nyingi huanza dukani. Huuliza bei, huuliza nguvu ya mota, kisha huchukua iliyo kubwa kwa kadiri ya mfuko wake. Hapo kazi imeanzwa kinyume. Yafaa kwanza kisima chenyewe kijulikane, kwani pampu isiyofaa yaweza kuuzwa, lakini kisima kilichoingiwa na maji ya bahari hakirudi upesi katika hali yake.

Sababu yake ni hii. Katika pwani ya Kwale, toka Diani hata Msambweni na Munje, ardhi iliyo karibu na bahari ni jiwe la matumbawe na mchanga, navyo hupitisha maji kwa urahisi. Maji ya mvua yashukayo ardhini hukaa juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya nchi kavu, kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito zaidi: lita 1 ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1.025 hivi. Wataalamu wawili, Badon Ghijben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani, walieleza jambo hili, kila mmoja kwa njia yake, kabla na baada ya mwaka 1900. Kwa hesabu yao, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari yategemea mita 40 hivi za maji matamu zilizo chini ya usawa huo. Basi maji ya kisima yakishushwa kwa sentimita 10 tu na kudumu hivyo, chumvi iliyo chini yaweza kupanda kadiri ya mita 4.

Ndoo na kamba hazikuleta hatari hiyo. Hata pampu za mkono zilizotiwa kwa wingi katika Kwale tangu miaka ya 1980, pamoja na ile iitwayo Afridev iliyojaribiwa huko huko, zilikuwa na kiasi chake, kwani mkono huchoka. Mota haichoki.

Kupima si kazi ya gharama. Jiwe hufungwa katika kamba na kushushwa mpaka sakafu ya kisima. Kamba ikitolewa, sehemu iliyolowa huonyesha kina cha maji, na sehemu kavu huonyesha umbali wa maji toka ukingoni. Wakati ufaao ni mwisho wa kaskazi, kabla ya masika, visima vinapokuwa na maji machache. Kipimo kirudiwe bahari ikiwa imejaa na ikiwa imekupwa, kwa maana visima vya karibu na ufuo hupanda na kushuka pamoja na bahari.

Baada ya hayo hujulikana kisima chapokea maji mangapi. Kisima cha duara chenye upana wa mita 1.2 huwa na lita 1,130 hivi katika kila mita ya kina. Kikiwa na maji ya mita 2, mna lita 2,260. Maji na yatekwe mpaka yashuke nusu mita, kisha yaachwe kwa saa 1. Yakipanda sentimita 20, kisima hicho kimepokea lita 226 hivi. Pampu itoayo lita 3,000 kwa saa itakikausha katika muda wa karibu saa 1, na mota, ambayo hupozwa na maji yale yale, itaungua. Lakini nyumba ya watu 8, kila mmoja akitumia lita 50, yahitaji lita 400 tu kwa siku. Pampu ndogo ya lita 600 kwa saa, ikiendeshwa dakika 20 asubuhi na dakika 20 jioni kujaza tangi, yatosha kabisa.

Pampu ikisha kuchaguliwa, kisima husafishwa tope na kutiwa klorini kwa kipimo atakachotoa afisa wa afya. Ashukaye ndani asishuke peke yake, wala mashine ya petroli isishushwe kisimani kamwe: moshi wake huua, na hewa hiyo ya sumu haina harufu ya kumwonya mtu.

Pampu huning'inizwa kwa kamba ya nailoni, wala si kwa waya wa umeme, nayo hukaa juu ya sakafu kadiri ya nusu mita ili isinyonye mchanga. Yapasa pia kuwa na swichi ya kuelea ikatayo umeme maji yanapopungua. Waya wa ardhi na maungio yote ni kazi ya fundi wa umeme aliyeidhinishwa. Na kabla ya gharama hizi, mwenye kisima aulize katika afisi ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji kama kibali chahitajiwa kwa mtambo wake.

Siku ya kwanza maji humwagwa mbali mpaka harufu ya klorini iishe. Maji huonjwa baada ya hapo, na kuonjwa tena kila juma, hasa wakati wa kaskazi. Yakianza ukakasi wa chumvi, pampu huzimwa siku hiyo hiyo, nayo hupandishwa juu zaidi au muda wake wa kazi hupunguzwa.