SOMO LETU: POMBE KALI IPIGWE MARUFUKU – NANI AAMUE?



Hapa Usagara, kama kwingineko Tanga, tunaikumbuka tarehe 1 Machi 2017, Serikali ilipopiga marufuku pombe kali ya viroba. Tulishangilia, maana pakiti zile zilikuwa za bei ndogo na zilifichika kirahisi mfukoni mwa mwanafunzi. Lakini ile ilikuwa amri. Wananchi hatukupiga kura. Tena iligusa kifungashio, si kinywaji chenyewe. Gongo nayo ni haramu kisheria tangu zamani, na bado inapikwa.

Je, kura ya nchi nzima ingesaidia? Tujifunze kwa Norway, nchi yenye Walutheri wengi. Mwaka 1919 wananchi waliulizwa kama pombe kali ikatazwe, na takribani asilimia 62 walikubali. Magendo yakashamiri, na baadhi ya madaktari wakawa wanaandika pombe kama dawa. Hispania na Ureno, zilizokuwa zikinunua samaki wa Norway, zikadai nazo zinunuliwe mvinyo wao. Mwaka 1926 kura ikarudiwa: asilimia 56 hivi walikataa marufuku, na mwaka 1927 ikaondolewa.

Hatusemi kura haina maana. Iliwapa watu nafasi ya kuamua, na baadaye ya kusahihisha uamuzi wao. Lakini kura peke yake haijibu swali la kesho yake: aliyekuwa akiuza atakula nini?

Swali hilo sisi wenyewe tulilikwepa. Katika kijiji kimoja tunachokihudumia tulihamasisha mkutano uamue kufunga vilabu vya gongo. Mikono mingi ilinyooshwa. Akina mama wapikaji walikaa nyuma, kimya. Hatukuwauliza ada za watoto zitatoka wapi. Baada ya miezi michache upishi ukahamia bondeni, usiku. Ilibidi turudi kwao, tuwasikilize kwanza, ndipo tukaanzisha kikundi cha kuweka na kukopa. Si wote walioacha, ila wapo walioacha.

Maswali ya kujadili katika vikundi:

1. Katika kijiji au mtaa wetu, nani anapika, nani anauza, nani anakunywa?
2. Marufuku ikija kesho, nani atakosa kipato, na tutamsaidiaje?
3. Je, aliyezoea pombe anapokelewa kwetu, au anasengenywa?