SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: Mpangilio wa Gia Otomatiki katika Pikapu ya Chama



Huenda baadhi yenu mkashangaa kumwona mkaguzi wa ushirika akiandika habari za giaboksi. Lakini kazi ya mkaguzi ni kuzifuata fedha za wanachama popote zinapokwenda, na siku hizi sehemu yake isiyo ndogo inakwenda gereji. Vyama kadhaa vimenunua pikapu zenye gia otomatiki, nazo zinahitaji maarifa ambayo wengi wetu, tuliozoea gia za mkono, hatukufundishwa.

Mwaka 2022 nilikagua vitabu vya chama kimoja cha msingi cha milimani. Nilikuta hati tatu za malipo. Ya kwanza ilikuwa ya matairi mapya. Ya pili iliandikwa "kurekebisha gia kwa kompyuta". Ya tatu, iliyofuata miezi mitano baadaye, ilikuwa ya giaboksi nzima, na peke yake ilizidi makato yote ya usafiri ya msimu ule. Katika kitabu cha mihtasari sikuona uamuzi wowote wa Kamati juu ya hati ya pili. Somo hili latokana na hati hizo tatu.

1. GIA OTOMATIKI HUBADILIKAJE?

Katika gari la gia za mkono, dereva ndiye mwamuzi. Katika gia otomatiki uamuzi hutegemea hasa mambo mawili: mwendo wa gari, na kiasi ambacho dereva amekanyaga mafuta. Giaboksi ya Hydra-Matic, ambayo General Motors ya Marekani iliitoa mwaka 1939 kwa magari ya Oldsmobile ya 1940, ilifanya kazi hiyo kwa shinikizo la oili, bila kompyuta. Katika magari ya namna hiyo fundi alirekebisha gia kwa kukaza au kulegeza waya na skrubu.

Katika pikapu za leo kompyuta hupokea habari kutoka kwenye sensa, huzilinganisha na jedwali lililohifadhiwa ndani yake, kisha huamuru valvu za umeme zipitishe oili ili ibane klachi za gia inayotakiwa. Kati ya injini na giaboksi ipo konveta, ambayo hupitisha nguvu kwa njia ya oili. Mwendo ukishatulia, klachi iliyomo ndani ya konveta hufunga ili kupunguza utelezi, na hivyo kupunguza joto na matumizi ya mafuta.

2. MAMBO YANAYOWEZA KUPANGWA

(a) Wakati wa kubadilisha gia. Gia zikipanda mapema, injini huzunguka polepole na mafuta hupungua. Hilo lafaa gari likiwa tupu kwenye tambarare. Gari likiwa na mzigo mlimani, injini hulemewa, na gia hupanda na kushuka bila kutulia. Gia zikichelewa kupanda, nguvu hupatikana, lakini mafuta huliwa zaidi.

(b) Shinikizo la oili. Likipungua, klachi huteleza na kuungua. Likizidi, gia huingia kwa mshtuko, na vyuma huumia.

(c) Kufunga kwa konveta. Ikifunga mapema mno gari likiwa na mzigo, injini hutetemeka na klachi yake hubeba uzito usioiwia.

(d) Ukubwa wa tairi. Tairi ya 265/65R17 ina kipenyo cha milimita 776 hivi. Ya 265/70R17 ina milimita 803 hivi. Tofauti ni kama asilimia 3.4. Asiyeijulisha kompyuta badiliko hilo atasoma kilomita 80 kwa saa huku gari likienda karibu 83. Zaidi ya hayo, tairi kubwa huzidisha kazi ya injini katika kila gia, kana kwamba mzigo umeongezwa.

3. CHAMA KILE KILIKOSEA WAPI?

Matairi yaliyonunuliwa yalikuwa makubwa kuliko yale ya kiwandani. Mara baada ya kufungwa, gia zikaanza kupanda na kushuka mlimani. Dereva akampelekea fundi malalamiko hayo. Fundi, bila kuuliza habari za matairi wala kupima oili, akabadilisha jedwali ili gari lidumu katika gia ya juu. Kupanda na kushuka kwa gia kukakoma, na kila mtu akaridhika.

Lakini tatizo lilikuwa limefichwa tu, halikuondolewa. Pikapu iliendelea kupanda mlima na mzigo ikiwa katika gia isiyostahili, kwa oili ambayo haikuwa imebadilishwa tangu gari liliponunuliwa. Joto likazidi, klachi zikaungua, na wanachama wakalipa.

Fundisho ni hili: mpangilio wa gia usitumiwe kuficha ugonjwa. Tafuteni chanzo kwanza.

4. YALIYO MIKONONI MWA DEREVA

Mengi hupatikana bila kugusa kompyuta. Katika mteremko mrefu, kama ule wa kutoka Lushoto kwenda Mombo, dereva asiiache gari ijiendee katika D huku akikanyaga breki njia nzima. Aweke mkono wa gia katika nafasi ya kuchagua gia mwenyewe, ambayo huandikwa S au M kwa aina nyingi, ashike gia ya chini, na injini isaidie breki. Baadhi ya pikapu zina kitufe cha mzigo, kinachochelewesha kupanda kwa gia na kuwahisha kushuka kwake. Nyingine zina kitufe cha nguvu ambacho hasa hubadili wepesi wa pedali ya mafuta. Visichanganywe, kitabu cha gari kisomwe.

Oili nayo isisahauliwe. Giaboksi nyingi za sasa hazina kijiti cha kupimia. Oili hupimwa kupitia nati maalumu, gari likiwa mahali palipo sawa, injini ikinguruma, na oili ikiwa katika joto lililotajwa na kiwanda. Aina yake haichaguliwi kwa bei: giaboksi inayotaka oili ya WS isitiwe Dexron III. Oili iliyogeuka nyeusi na kunuka kuungua ni onyo. Tena, baada ya matengenezo gia zaweza kuwa nzito kwa muda, hadi kompyuta ijifunze upya.

5. UTARATIBU KWA KAMATI

Iwapo baada ya hayo yote bado yaonekana mpangilio ubadilishwe, hapana budi yafuatayo yatimizwe:

- Dereva aandike malalamiko yake: gia gani, mwendo gani, mzigo kiasi gani.
- Fundi apime oili, aangalie matairi, asome hitilafu zilizohifadhiwa katika kompyuta, na atoe maelezo kwa maandishi.
- Katibu aulize kama dhamana ya gari bado ipo, maana badiliko la namna hii laweza kuibatilisha.
- Kamati iamue, na uamuzi uingizwe katika muhtasari.
- Nakala ya mpangilio wa awali ihifadhiwe, ili iweze kurudishwa.
- Libadilishwe jambo moja kwa wakati mmoja, kisha gari lijaribiwe njia ileile, likiwa tupu na likiwa na mzigo.
- Hati ya malipo itaje kilichobadilishwa. Maneno "kurekebisha gia" hayatoshi.

Pikapu ya chama si mali ya dereva, wala ya Katibu. Kila gia inayoungua huungua kwa kilo za mazao ya mkulima ambaye pengine hajawahi kupanda gari hilo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Je, matairi ya pikapu ya chama chenu ni ya kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari?
2. Oili ya giaboksi ilibadilishwa lini mara ya mwisho, na ni ya aina gani? Hati yake iko wapi?
3. Ni nani katika chama chenu mwenye ruhusa ya kumwagiza fundi abadilishe chochote katika gari? Muhtasari wa kumpa ruhusa hiyo ni wa tarehe gani?