Cheti Ukutani Hakimlindi Mzee

Jamaa anayempeleka mzazi wake kwenye makao ya wazee, awe ametoka Kona ya Musa, Ukunda au Msambweni, huonyeshwa cheti kilichotundikwa ofisini, naye huondoka ameridhika. Mtego uko hapo. Cheti hicho mara nyingi ni cha kikundi cha kijamii au cha shirika, au ni leseni tu ya biashara kutoka kaunti. Kinathibitisha kwamba wenye makao wamejisajili na wamelipa ada. Hakisemi usiku ni nani anayemgeuza kitandani mzee asiyejiweza, dawa ya presha inatolewa na nani, wala kama kuna mkaguzi aliyewahi kuingia jikoni. Makao ya watoto yana Sheria ya Watoto ya 2022 inayoyalazimisha kusajiliwa na kukaguliwa kama mahali pa malezi. Makao ya wazee hayajapata sheria ya namna hiyo, na pengo hilo limewanufaisha wengi.

Pwani yetu ina sababu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito zaidi. Si kila mzee aliye makaoni alipelekwa kwa kukosa wa kumpikia. Kwale na Kilifi mvi zimegeuzwa ushahidi wa uchawi, na nyuma ya tuhuma hizo mara nyingi kuna shamba linalotamaniwa. Kaya Godoma, kule Ganze, ilijulikana kwa kuwapa hifadhi wazee waliotishiwa kuuawa na watu wao wenyewe. Sasa mtu aliyekimbia panga nyumbani, akifika makaoni akanyimwa chakula, atamshtaki nani na arudi kulala wapi? Hofu hiyo ndiyo inayowafunga wazee midomo. Mnamo Novemba 2023 BBC Africa Eye ilipoonyesha picha zilizochukuliwa kwa siri katika makao ya wazee karibu na Nairobi, taifa lilishtuka. Lakini mwenye kushtuka alipaswa kujiuliza kwa nini ilihitajika kamera ya mwandishi wa habari, na si daftari la mkaguzi.

Mlalamishi akijitokeza, huanza safari ya kuzungushwa. Chifu humtuma kwa afisa wa maendeleo ya jamii, huyo humtuma kaunti, na kaunti humrudisha kwa serikali kuu. Wengine huthubutu kumwomba pesa za mafuta ili gari liende kukagua. Hiyo ni rushwa, na pa kuiripoti ni EACC, tume ya kupambana na ufisadi. Hilo la kuzungushwa nalo lina jibu katika Katiba. Kifungu cha 57 kinampa mtu aliyepita miaka 60 haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo kutoka kwa familia yake na kwa Serikali. Jedwali la Nne limezipa kaunti vituo vya kulelea watoto, likanyamaza kuhusu makao ya wazee. Na Kifungu cha 186(3) kinasema kazi ambayo haikupewa kaunti ni ya serikali kuu. Kwa hiyo afisa wa serikali kuu hana mlango wa kutokea. Wala kaunti haiponi, kwa sababu huduma za afya ni zake, na afisa wa afya ya umma ana mamlaka ya kukagua uchafu, vyoo na maji popote watu wanapoishi.

Mtego wa pili ni fomu. Familia hutakiwa kutia sahihi karatasi inayosema makao hayatawajibika kwa lolote litakalompata mzee, na baadaye huogopa kwenda polisi kwa kuwa "tulikubali wenyewe". Hamkukubali lolote linalozuia kesi ya jinai. Kifungu cha 216 cha Kanuni ya Adhabu kinamtaka kila aliyemchukua mtu asiyejiweza kwa uzee au ugonjwa ampe mahitaji ya maisha, na kifungu cha 239 kinamwadhibu asiyefanya hivyo hadi maisha ya mtu yakawa hatarini. Sahihi ya mtoto haiwezi kufuta wajibu uliowekwa na sheria. Nendeni kituoni, msiondoke bila namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, na mzee apimwe hospitalini siku hiyo hiyo. Mzee asiyeweza kwenda mahakamani mwenyewe, Kifungu cha 22 cha Katiba kinamruhusu mtu mwingine kumshtakia, na kufungua shauri hilo la haki hakulipiwi ada. Kitambulisho chake na pesa zake za mpango wa serikali wa Inua Jamii, Sh2,000 kwa mwezi, ni mali yake. Meneja anayevizuia aulizwe kwa maandishi anavizuia kwa sheria gani.

Wapo wanaosema ukaguzi mkali utayafunga makao yanayoendeshwa na watu wema wasio na fedha, na wazee warudi kwenye panga. Hoja hii nzito siipuuzi. Lakini inadhani kwamba mkaguzi huja na kufuli tu. Anaweza kuja na muda wa kurekebisha, na Serikali iliyoahidi matunzo katika Kifungu cha 57 inaweza kulipa mshahara wa muuguzi mmoja. Isiyokubalika ni hali ya sasa, ambapo umaskini wa makao mema unatumiwa kuwa pazia la makao mabaya. Wengine husema makao si desturi yetu, mzazi hutunzwa nyumbani. Ni kweli, na nyumbani ndiko bora pale penye amani. Sheria inahitajika kwa yule ambaye nyumbani kwake ndiko alikofukuzwa.

Seneti ilikwisha kuletewa Mswada wa Matunzo na Ulinzi wa Wazee mwaka 2018, lakini pengo bado lipo. Sheria ya kweli ingemtaja mkaguzi kwa cheo, ikamruhusu kufika bila taarifa na kuzungumza na wazee pasipo meneja kusikiliza, na ikaeleza wazee watahamishiwa wapi makao yakifungwa. Wagombea watakapofika Kona ya Musa kuomba kura mwaka 2027, waulizwe wazi watamtuma nani kukagua, na kwa bajeti ipi.