Somo la Mwezi: Fadhili za Wenyeji kwa Mgeni Aliyekuja Kutumika

Mwezi huu twataka kujifunza habari za watu waachao nchi yao kwenda kutumika kwa hiari katika nchi ya kigeni, pasipo mshahara, ambao wafikapo huona ya kuwa wale waliokusudia kuwasaidia ndio waliotangulia kuwapa. Wageni wa namna hii huzifikia sharika zetu mwaka baada ya mwaka, na siku hizi vijana wetu nao huenda ng'ambo kwa kazi hiyo hiyo. Wakirudi kwao husema karibu wote neno moja: walikwenda kutoa, wakapewa. Neno hilo ni jema, lakini mara nyingi huishia hapo. Sisi twapenda kuuliza mbele kidogo: walichopewa kilikuwa nini, na yule aliyekitoa alibakiwa na nini?

Na tuitazame kwanza sura ya 28 ya Matendo ya Mitume. Merikebu imevunjika penye kisiwa cha Melita, na watu 276 wamefika pwani, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao. Wamelowa, mvua inanyesha, na baridi ni kali. Wenyeji wakawasha moto, wakawakaribisha wote. Luka awaita wenyeji hao kwa neno ambalo Wayunani walilitumia kwa mtu yeyote asiyesema lugha yao, wala halikuwa neno la heshima. Lakini papo hapo akiri ya kuwa wema wao ulipita wa kawaida. Paulo mwenyewe alikuwa mfungwa, safarini kwenda Rumi, wala hakufika pale kwa kupenda. Hata hivyo alikuwa ametumika miaka mingi katika nchi za watu, naye alijua ugeni ni nini.

Angalieni utaratibu wa mambo. Baba yake Publio, mkuu wa kisiwa, aliponywa homa na kuhara damu, kisha wagonjwa wengine wakaja. Wahubiri wengi huanzia hapo, kana kwamba fadhili za wenyeji zilikuwa malipo ya uponyaji. Sivyo. Moto ulitangulia. Ulipowashwa, hakuna mwenyeji aliyejua kama katika watu wale waliolowa yumo hata mmoja wa kufaa kitu. Tena Paulo hakukaa akiota tu. Aliokota kuni akazitia motoni, na hapo ndipo nyoka alipomshika mkono. Twalipenda sana jambo hilo dogo, la mtume kuokota kuni. Na baada ya miezi mitatu, walipopakiwa mahitaji ya safari, hakukataa, yeye ambaye kule Korintho alishona mahema ili asimlemee mtu.

Kazi ya kujitolea ng'ambo kwa namna tuijuayo leo haina umri mkubwa. Mwaka 1920 Pierre Ceresole, mtu wa Uswisi, aliongoza kikundi kidogo kwenda Esnes, kijiji cha Ufaransa karibu na Verdun kilichobomolewa na vita, ili wakijenge. Na Wajerumani walikuwamo, ambao jeshi lao lilipigana hapo. Mwaka 1961 Rais Kennedy wa Marekani alianzisha Peace Corps, na mwaka ule ule wapima-ardhi na wahandisi wake walifika Tanganyika. Ujerumani ilianza mpango wake wa weltwärts mwaka 2008, na tangu 2013 mpango huo huwapeleka Ujerumani vijana wa nchi za kusini pia. Katika kanisa letu, Dayosisi ya Iringa na Sinodi ya Saint Paul huko Minnesota, Marekani, zimeshirikiana tangu 1987 kwa jina la Bega kwa Bega.

Basi turudi kwenye swali letu, tuliweke kijijini. Kijana mgeni amekuja kufundisha shule, au kuchanganya saruji ya zahanati. Jumapili ya kwanza mjane mmoja amchinjia kuku. Mgeni aona kuku. Sisi twajua hesabu yake. Mtetea yule alikuwa akitaga. Angaliachwa aatamie, baada ya siku 21 vifaranga wangalitoka, na hata kama mwewe na kideri vingalichukua nusu yao, waliosalia ni sabuni, chumvi na madaftari ya watoto. Hayo yote yamo katika bakuli moja lililowekwa mbele ya mgeni, naye amepewa firigisi, asijue ni heshima ya nani. Neno hili "kujitolea" twalitumia kwa yule aliyepanda ndege. Twaona lamfaa zaidi mama huyu, kwa maana kijana anayo tikiti ya kurudi, na kuku hana.

Mgeni akilijua hilo hushikwa na huruma, akataka kukataa chakula, au akatoa fedha mfukoni papo hapo. Yote mawili huumiza. Kukataa ni kumwambia mwenye nyumba ya kuwa umaskini wake ndio ulioonekana kwanza. Kulipa ni kuigeuza nyumba yake kuwa hoteli. Ale, ashukuru, kisha aokote kuni: ateke maji, apalilie, amfundishe mtoto wa nyumba ile hesabu jioni. Akitaka kuleta kitu, alete baadaye, kama aletavyo mtu aliyezoeleka, sukari au kanga, si kama mtu afutaye deni. Wazee walisema mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wala hawakusema hivyo kwa ubahili. Tena asirudi kwao akasimulia ya kuwa watu hawa hawana kitu na bado wana furaha tele. Asemaye hivyo hajaliona daftari la madeni la mwenye duka.

Na sisi wenyeji tunalo la kuambiwa. Ziko sharika ambazo, mgeni akitangazwa, wazee hugawa amri: nyumba hii mchele, hii mayai kumi, ile mbuzi, na asiye nacho hukopa, maana aona haya. Huo si ukarimu, ni kodi, na walipaji wake ni wanawake, ambao saa ya kula wako jikoni. Mgeni huguswa moyo hata akatokwa na machozi, asijue ya kuwa amelishwa mkopo. Twawasihi wazee wa kanisa waiache desturi hiyo. Atoaye na atoe kwa kupenda kwake, hata ikiwa ni ndizi mbili. Watu wa Melita walitoa moto, kwa kuwa baridi ndiyo iliyokuwapo.

Wala mtu asidhani ya kuwa mambo haya ni ya Afrika tu. Kijana mmoja wa kwetu alitumika mwaka mmoja katika nyumba ya wazee huko Ujerumani. Alituambia ya kuwa miezi ya kwanza aliwaona watu wa kule kuwa wakavu, kwa maana hakuna aliyemkaribisha chakulani pasipo kupanga siku. Kisha, kabla ya majira ya baridi, bibi mmoja wa kiti cha magurudumu, ambaye fedha yake ya matumizi ilikuwa kidogo, alimtuma mtu dukani, akamnunulia jozi mbili za soksi nene za sufu. Kule watumishi wa nyumba za wazee hukatazwa kupokea zawadi za wale wanaowahudumia, nayo ni sheria nzuri, maana mzee ni rahisi kulaghaiwa. Kijana akaenda kumwuliza msimamizi, naye akamruhusu, kwa kuwa kitu chenyewe kilikuwa kidogo. Akazivaa. Tangu siku hiyo, kila asubuhi alipoingia chumbani kumwamkia, bibi yule aliitazama miguu yake kwanza.