Mwanafunzi, Dini Yake na Haki ya Mwenziwe

Katika masuala ambayo wazazi wa mwambao huuliza mara kwa mara ni hili: mtoto wetu akienda Nairobi kusoma, je, dini yake itasalimika? Na wengi huuliza kwa namna ya mtu aliyekwisha kukata hukumu, kwamba haitasalimika. Mimi ni mwanafunzi katika mji huo, na darasa letu limenitaka niandike niyaonayo. Nitaandika kwa kadiri ya elimu yangu, na aliye na elimu zaidi asichelee kuongeza.

Kwanza yapasa kujua ya kwamba Nairobi si mji usio na Uislamu. Katikati ya mji, baina ya maduka na maofisi, umesimama Msikiti wa Jamia kwa kuba zake na minara yake miwili, na sala ya Ijumaa huwakusanya humo watu wa kila kabila. Ukitoka hapo ukaelekea magharibi utapita Chuo Kikuu, kisha Westlands, na Kileleshwa, na Lavington, hata Kawangware na Kangemi. Na katika mitaa yote hiyo utamkuta Mwislamu, tajiri na mchukuzi, mwenyeji na mgeni. Basi hofu ya wazazi haitokani na kukosekana misikiti. Yatokana na jambo jingine, nalo ni zito zaidi.

Huku kwetu pwani mtoto huchukuliwa na dini kabla yeye hajaichukua. Adhana humwamsha apende asipende. Bibi yake humwuliza kama amesali. Jirani akimwona akicheza barabarani wakati wa sala humkaripia kama mwanawe wa kumzaa. Nyama hailiwi kwa shaka. Ikiingia Ramadhani mji mzima hufunga, na asiyefunga hujificha. Hata yule asiyejua kwa nini anasali, anasali. Hilo si baya, bali ni neema, na wenye kuidharau ni wale ambao hawajapata kuikosa. Lakini kijana huyo akitolewa hapo akatiwa katika chumba cha bweni pamoja na vijana watatu, mmoja Mkatoliki, mmoja Msabato, na mmoja asiyejali dini yoyote, hana tena wa kumwamsha. Hapo ndipo ajuapo lipi lilikuwa lake na lipi lilikuwa la mtaa. Na swali ambalo hakupata kuulizwa maisha yake yote huulizwa usiku mmoja, wala haulizwi kwa ubaya: kwa nini wewe wafanya hivi? Jawabu ya kwamba ndivyo tulivyowakuta wazee wetu haisimami mahala hapo. Ile taklidi tunayoikataza juu ya mimbari, upungufu wake huonekana waziwazi zaidi katika chumba hicho kuliko katika vitabu.

Wala swali hilo si jipya. Mnamo mwaka 615, Waislamu wa kwanza walipodhikishwa Makka, Mtume (S.A.W.) aliwaruhusu wahamie Uhabeshi kwa Najashi, naye alikuwa mfalme Mkristo. Makureshi wakapeleka wajumbe na zawadi ili warudishiwe watu wao. Mfalme hakukubali kuwatoa kabla ya kuwasikia. Akawauliza: ni dini gani hii mliyoiacha kwa ajili yake dini ya jamaa zenu, wala hamkuingia katika dini yangu? Aliyejibu ni Jaafar bin Abi Talib. Lau angependa angejibu kwa nasaba, kwani alikuwa binamu wa Mtume, na nasaba ilikuwa ndiyo hati ya Mwarabu wa zama hizo. Hakufanya hivyo. Alieleza walivyokuwa katika ujinga wao, na lililowageuza, na walivyoamrishwa kusema kweli, kurejesha amana, kuunga udugu na kumtendea wema jirani. Kisha akasoma mwanzo wa Suratu Maryam. Najashi akawaacha waishi katika nchi yake kwa amani.

Tutazame vyema habari hii, maana sisi huisimulia kila Maulidi yakitajwa, kisha hatuikalii kuifikiri. Waislamu wa kwanza kukimbia kwa ajili ya dini yao walipata hifadhi Afrika, na aliyewapa wakati huo hakuwa wa dini yao. Na kijana alipoulizwa yeye ni nani hakutaja ukoo wala nguo wala mji. Alitaja aliyoyaamini, na namna yalivyomgeuza tabia.

Sasa yapo maneno ambayo vijana wa leo huyapenda sana. Mtu husema: mimi nimeongozwa na moyo wangu. Neno hili wazee huliogopa, nami sioni kwamba lote ni la kuogopwa. Wanavyuoni wetu wanalijua jambo hilo, nao huliita ilhamu, wakalitenga na wahyi, kwani wahyi ni wa Mitume, nao umekoma kwa Mtume Muhammad (S.A.W.). Ilhamu ni kheri ambayo Mwenyezi Mungu huitia katika moyo wa mja. Mwanafunzi akikesha na kitabu chake kwa kuwa kitu ndani yake kimemsukuma kuwa tabibu wa watu wake, nani atasema ya kwamba msukumo huo hautoki kwa Mola? Lakini wengi katika wanavyuoni wa usuli wakaweka mpaka, na mpaka huo ndio faida ya somo hili: ilhamu si hoja juu ya mtu mwingine. Aliyeipata aweza kuifuata maadamu haipingani na sharia, wala hapewi nayo fimbo ya kumpigia mwenziwe. Na ikiwa aliyeongozwa moyo wake hana amri juu ya moyo wa jirani, mwalimu mkuu na serikali wana amri gani juu yake? Aya ya 256 ya Suratul-Baqara imekataza kulazimishana katika dini, na haikusema kwamba katazo hilo ni kwa wakati ambao sisi ni wachache tu.

Sharia ya nchi yetu nayo imelisema jambo hili. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 8, inasema Kenya haina dini ya dola. Na katika Ibara ya 32 inampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, itikadi na rai. Inakataza mtu kunyimwa nafasi katika chuo au kazi kwa ajili ya dini yake. Tena inakataza mtu kulazimishwa kutenda lililo kinyume cha imani yake. Ibara ya 27 nayo, inapotaja mambo ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwayo, inataja dini, dhamiri na mavazi pamoja. Mtu angedhani maneno yamekwisha, na hayakwisha.

Kileleshwa, magharibi ya mji, iko shule ya Kenya High, ambayo zama za ukoloni ilikuwa ya wasichana wa Kizungu na leo ni ya umma. Mwanafunzi mmoja wa Kiislamu aliomba avae hijabu pamoja na sare yake, akakataliwa, na daawa ikafika Mahakama Kuu mjini Nairobi. Mwaka 2012 mahakama ilikataa ombi lake. Miongoni mwa sababu ni kwamba wakiruhusiwa wachache kuvaa hijabu wataonekana tofauti na wenzao, kana kwamba wamependelewa. Kisha ikaja daawa ya Isiolo, katika shule ya kutwa ya Kiwanjani iliyo chini ya udhamini wa Kanisa la Methodist. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Meru ilihukumu kwa upande wa Kanisa. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikaipindua hukumu hiyo, ikasema mwenye dini yapasa kupewa nafasi kwa kadiri inavyowezekana. Na Januari 2019 Mahakama ya Juu, iliyo katikati ya mji wa Nairobi, ikaitengua hukumu ya Rufani. Wengi wa majaji hawakuitengua kwa kusema hijabu haina haki. Waliona kwamba dai la mzazi liliingizwa katika kesi kwa njia isiyo ya utaratibu. Basi swali lenyewe likabaki mlangoni.

Nami nasema kwa insafu: hoja ya sare si hoja ya kipuuzi. Sare humsitiri mtoto wa maskini asijulikane kwa kiraka chake, na hilo ni jambo ambalo Uislamu wenyewe unalipenda. Lakini ushungi wa rangi ya sare haumwonyeshi mtu kuwa tajiri. Na tukisema usawa ni watu wote kufanana, tutakuwa tumemtaka kila aliye mchache afanane na walio wengi. Wengi hawatakiwi wabadilike chochote. Hiyo siyo maana ya usawa.

Mpaka hapa wasomaji wetu watukufu watakuwa wamekubaliana nami bila taabu. Sasa nawaomba wavumilie.

Mwanzo wa mwaka huo huo wa 2019, msichana mmoja wa madhehebu ya Rastafari alifukuzwa katika shule ya upili ya Olympic, huko Kibra, kwa sababu ya nywele zake za kusokotwa, ambazo kwake ni ibada. Mnamo Septemba Mahakama Kuu ilihukumu ya kwamba Rastafari ni dini, na kwamba msichana huyo aachwe asome pamoja na nywele zake. Na kabla ya hapo, mwaka 2017, Mahakama ya Rufani iliwapa haki wanafunzi wa Kisabato wasilazimishwe masomo wala mitihani katika siku yao ya Sabato. Nauliza: katika vibaraza vyetu, ni wangapi waliofurahi kwa hukumu hizo? Mimi niliyoyasikia yalikuwa vicheko juu ya nywele. Tuliyelia kwa ajili ya kitambaa cha Kileleshwa hatukuiona Kibra, na baina ya mitaa miwili hiyo si mbali. Hali ya kuwa hoja ni moja: kilichomo kichwani mwa mtoto, na kilicho juu ya kichwa chake, si mali ya shule.

Suratun-Nisai, katika aya ya 135, imetuamrisha tusimamie uadilifu hata kama ni dhidi ya nafsi zetu na wazazi wetu. Haiwezekani aya hiyo isimame mahakamani Nairobi ikalala Mombasa. Zipo shule za Waislamu hapa pwani zipokeazo watoto wasio Waislamu. Je, msichana wa Kikristo akija katika shule yetu, humwambia nini juu ya ushungi? Na wakati wa sala humweka wapi? Imepokewa katika sira ya Ibn Is-haq ya kwamba ujumbe wa Wakristo wa Najran ulipofika Madina, wakati wa sala yao uliwakuta katika msikiti wa Mtume, naye akaamrisha waachwe wasali. Asiyemstahimili binti mmoja asiye na ushungi katika darasa la hesabu ataisomaje habari hiyo?

Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932 mjini Mombasa, kisha akawa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hata kufa kwake mwaka 1947, aliwahimiza Waislamu watafute elimu za skuli, na papo hapo akawakemea wenye kudhani kwamba maendeleo ni kumwiga Mzungu. Wengi humnukuu kwa hilo la pili na kulisahau la kwanza. Mzazi anayemzuia mtoto asiende Nairobi kwa kuhofia dini yake amechukua nusu ya mafunzo ya Sheikh.

Kwa hivyo mzazi ambaye mtoto wake amepata nafasi katika shule ya upili ya huko na aiombe nakala ya kanuni za shule kabla ya kulipa karo, asingoje mtoto arudishwe langoni. Akiona kanuni yenye kugusa dini, aiandikie barua ya adabu bodi ya shule, ataje Ibara ya 27 na ya 32, na abaki na nakala. Hukumu nilizozitaja zimechapishwa kwa Kiingereza. Darasa letu limeazimia kuzifasiri mbili kati yake zipate kusomwa baada ya sala ya Isha: ya Isiolo na ya Kibra, usiku mmoja, moja baada ya nyingine.