Kipupwe: Acheni Kufunga Kitalunyumba Kutwa Kucha

Kipupwe kimeingia, na barua za wakulima wa Njombe, Makete, Mufindi na Lushoto zina kilio kimoja: nyanya na hoho za kwenye kitalunyumba zimedumaa, maua yanapukutika, majani ya chini yana madoa ya kahawia yanayosambaa. Wengi wanashangaa imekuwaje, maana tangu baridi ianze hawajafungua mlango wala mapazia ya pembeni. Sababu ni hiyo hiyo. Baridi ni adui wa kweli: usiku ukishuka chini ya nyuzi 13 hivi chavua ya nyanya hudhoofika na ua halishiki tunda, na chini ya nyuzi 10 mmea karibu husimama kukua. Ila yale madoa hayaletwi na baridi peke yake. Yanaletwa na unyevu mnaoufungia ndani mkidhani mnafungia joto.

Tupige hesabu. Kitalunyumba cha mita 8 kwa 15, chenye kimo cha wastani wa mita 3, kina hewa ya mita za ujazo 360. Joto linaloweza kubebwa na hewa yote hiyo halizidi linalobebwa na lita 100 hivi za maji, yaani nusu pipa. Joto hilo ndilo mnalolilinda kwa kufunga kutwa. Usiku linatoroka, kwa kuwa nailoni ya kawaida hupitisha joto kwenda juu, hasa anga likiwa jeupe na upepo umetulia, kama zilivyo nyusiku nyingi za Juni na Julai Nyanda za Juu Kusini. Kufikia alfajiri, ndani na nje mara nyingi vinatofautiana kwa nyuzi chache tu. Mvuke ndio unaobaki. Mimea hutoa maji kupitia majani mchana kutwa. Yakikosa njia hugandamana kwenye nailoni kama umande, kisha hudondokea majani. Bakajani chelewa, ugonjwa unaoleta madoa hayo kwenye nyanya, hustawi kwenye nyuzi 10 hadi 20, jani likiwa limelowa kwa saa nyingi mfululizo. Geuza jani lenye doa asubuhi na mapema, kabla jua halijalikausha: ukiona utando mweupe mwembamba upande wa chini, kwenye ukingo wa doa, basi umeshaingiliwa. Na wanaojibu kwamba wanapuliza dawa kila wiki wakumbuke kuwa dawa haikaushi jani.

Mtauliza: tukifungua mchana, joto la usiku litatoka wapi? Litatoka ardhini na kwenye maji, ambako jua huliweka. Fungua mapazia kama saa tatu asubuhi, unyevu utoke. Funga saa tisa au kumi alasiri, jua likiwa bado na nguvu, usingoje giza. Mwagilia asubuhi tu: udongo wenye unyevu wa kiasi hushika joto kuliko mkavu, lakini maji ya jioni huupoza na kuongeza mvuke wakati usiofaa. Matandazo ya nyasi, ambayo wakati wa kiangazi kikali ni mazuri, sasa yanazuia jua lisifike kwenye udongo, yasogeze pembeni. Weka mapipa yaliyopakwa rangi nyeusi na kujazwa maji upande wa kaskazini, ambako jua la msimu huu hupita. Pipa moja la lita 200 hubeba joto mara mbili ya hewa yote ya nyumba ile. Pogoa majani ya chini hadi chini ya kichala cha kwanza ili hewa ipite.

Wapo wanaoingiza jiko la mkaa usiku. Acheni kabisa. Moshi na hewa ya mkaa vina gesi ya ethilini, inayoangusha maua yale yale mnayotaka kuyaokoa, na vina kaboni monoksaidi, isiyo na harufu, ambayo inaweza kumuua anayeingia kuchochea moto.

Jambo la pili ni majani yanayogeuka zambarau upande wa chini. Mwenye duka la pembejeo, akionyeshwa jani hilo, huuza mbolea ya fosforasi ya DAP papo hapo. Mara nyingi fosforasi imo udongoni, ila mizizi iliyopoa haiwezi kuinyonya; pima udongo kwanza kabla ya kutoa hela. Hasira yangu kubwa zaidi ni kwa mawakala wanaouza vitalunyumba kamili, vya mfano mmoja kwa Makete na kwa Morogoro, bila tundu la kutolea hewa juu ya paa. Mvuke wa moto hupanda. Mapazia ya pembeni peke yake hayautoi wote. Kabla hujalipa kianzio, mwambie fundi akuonyeshe tundu hilo, lilindwe na wavu wa wadudu, na lifunguke kwa kamba kutoka chini. Akisema halihitajiki mahali pa baridi, tafuta fundi mwingine.