DESTURI YA CHAI KWA WAINGEREZA, NA MAFUNZO YAKE KWETU

Wasomaji wetu wengi hunywa chai kila siku, lakini ni wachache waulizao ilikotoka desturi hiyo. Kwa hiyo twaona yafaa kueleza habari zake kwa ufupi.

Asili ya chai ni China. Ilifika Uingereza katika karne ya 17, nayo ilikuwa ghali hata wenye nyumba wakaitia katika visanduku vyenye kufuli. Mwaka 1662 Mfalme Charles II alimwoa Catherine wa Braganza, binti mfalme wa Ureno, aliyezoea kuinywa, na wakuu wakamwiga. Kodi yake ilikuwa nzito, na wengi walinunua chai ya magendo. Hata mwaka 1784 Serikali ikaishusha kodi hiyo kutoka 119 kwa mia mpaka 12 na nusu kwa mia. Ndipo chai ikaenea katika nyumba za maskini.

Husimuliwa kwamba karibu na mwaka 1840 Bibi Anna, mke wa Duke wa Bedford, aliona njaa alasiri, kwa kuwa chakula cha jioni kilichelewa. Akaagiza chai na mkate, kisha akawaalika rafiki zake. Basi ikawa desturi: mwenye nyumba humimina chai, humwuliza kila mgeni kama apenda maziwa au sukari, na mazungumzo hufuata. Wakati wa Vita ya Pili, tangu mwaka 1940, kila mtu aligawiwa wakia mbili tu kwa juma, na mgawo huo haukuondolewa mpaka 1952.

Lakini si Waingereza wote waliosifu chai. William Cobbett, katika kitabu alichowaandikia watu wa mashamba mwaka 1822, alisema kwamba chai haina nguvu ya kumlisha mfanyakazi, nayo hupoteza fedha, kuni na wakati. Afadhali bia itengenezwayo nyumbani.

Shauri hilo latuhusu sisi wa Kingolwira. Zamani katika Uluguru mgeni alikaribishwa kwa chakula na pombe. Siku hizi mara nyingi huwekewa birika. Jambo hilo si baya, wala chai si kitu cha ugeni tena, maana hulimwa katika nchi yetu, Usambara, Rungwe na Mufindi. Ubaya ni kukopa sukari dukani ili jirani wasituone maskini, huku watoto wakilala na chai ya rangi mahali pa uji.

Basi tushike mambo matatu. Kwanza, maji yachemke sawasawa, maana maji yaliyochemka huua vijidudu vya maradhi. Pili, chai si chakula: huzuia mwili usipate madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na mboga za majani, nayo ndiyo yaongezayo damu. Kwa hiyo tungoje muda wa saa moja baada ya kula, na watoto wadogo wapewe uji na maziwa. Tatu, heshima ya chai haimo katika sukari wala katika vikombe vya maua, bali katika kuketi pamoja na kusikilizana. Asiye na sukari na amkaribishe mgeni wake kwa alicho nacho, wala asione haya.